Tusiuabudu Wavu

Masomo: Habakuki 1:12-17, Mathayo 17:24-27, Luka 5:1-11



Mwezi huu tumeona ni vema tuseme nanyi habari za uvuvi. Najua wako watakaosema, "Wahubiri hawa wamechoka, kila mwaka ni Petro na nyavu zake." Subirini kidogo. Safari hii hatukuanzia Galilaya. Tulianzia hapa hapa ukingoni mwa ziwa la Naivasha, nyumbani kwa mzee mmoja wa parishi yetu, na tulitoka kwake tukiwa na haya usoni.

Wala tusiwadanganye. Hatukwenda kwake kwa sababu ya upendo. Tulikwenda kumwomba ngazi yake ndefu, tupate kupandisha kipaza sauti cha pili juu ya mnara wa kanisa.

Tulimkuta ameketi nje chini ya mti, na mbele yake sanduku mbili zimefunguliwa. Umri wake umepita miaka 80. Wengi wenu mnamjua kama mwalimu wa Shule ya Jumapili, lakini pengine hamjui kwamba tangu ujana wake, kabla ya Uhuru wa mwaka 1963, alipiga makasia katika ziwa hili akiwachukua wageni waliokuja kuvua besi. Baadaye akawa mvuvi mwenyewe, si wa wavu, bali wa ufito na mshipi, na akawa hodari kuliko wale aliowachukua.

Besi tunayoisema si ile sauti ya nne ya kwaya yetu. Ni samaki wa maji baridi ambaye asili yake ni Marekani ya Kaskazini, akaletwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya mchezo wa kuvua. Rangi yake ni ya kijani kibichi, ana mstari mweusi ubavuni, na mdomo wake ni mkubwa hata ncha ya taya hupita nyuma ya jicho. Si samaki wa kukimbiza windo mbali. Hujificha kando ya mafunjo, au chini ya gogo lililozama, akangoja. Kinachopita karibu hukimeza kwa mara moja. Kamba wekundu wa maji baridi walipoletwa ziwani mwaka 1970, walikuwa chakula chake kizuri. Siku hizi besi ni wachache kuliko zamani, na nyavu za wavuvi wetu huleta pia samaki aina ya kapi, aliyeonekana ziwani mara ya kwanza mwaka 2001. Lakini mzee wetu hawezi kumsahau besi.

"Karibuni, watumishi wa Mungu," akasema. "Mmekuja wakati mzuri. Nifungieni ndoana hii. Mikono yangu yatetemeka."

Tulijaribu, tukashindwa. Tulifunga fundo kama watu wanaofunga mbuzi. Akacheka, akatufundisha kwa maneno: pitisha mshipi katika tundu la ndoana, uzungushe juu ya mshipi wenyewe mara tano, urudishe ncha katika kitanzi kilicho karibu na tundu, kisha, kabla ya kukaza, ulilowanishe fundo kwa mate. "Nailoni ikikazwa kavu huungua kwa kusuguana," akasema. "Kwa macho utaona fundo zuri. Samaki akija, hukatika hapo hapo."

Tulitazama ndani ya sanduku zile. Kulikuwa na vijiko vya shaba vinavyometameta majini, samaki wa mbao waliopakwa rangi, vyura wa mpira, minyoo ya plastiki ya rangi ya zambarau na nyeusi, machubwi ya kila uzito, maboya, na mishipi ya unene mbalimbali. Kando yake palikuwa na fito mbili na rili mbili, zote zimepakwa mafuta. Tukasifu. Tukamwambia kwamba kwa vyombo kama hivyo bila shaka alivua samaki wengi sana.

Mzee akatikisa kichwa. Akasema kwamba samaki wengi aliwapata zamani, alipokuwa na kijiko kimoja tu, ambacho mgeni mmoja alimwachia kwa sababu kilikuwa na kutu. Kwa kuwa hakuwa na kingine, ilimpasa alijue ziwa. Alijifunza kufika kabla ya jua kuchomoza, na tena jioni wakati kivuli kinaporefuka, kwa maana besi hula zaidi saa hizo. Alijifunza kutogonga kasia ubavuni mwa mashua. Alijifunza kutupa chambo sambamba na ukingo wa mafunjo, si kukitupa kwa pembe, ili chambo kipite mbele ya samaki wengi waliojificha badala ya mmoja. Alijifunza kukiacha kizame, kuvuta polepole, kusimama, kuvuta tena; na samaki akishika, kutolegeza mshipi hata kidogo, kwa sababu besi huruka juu ya maji akitikisa kichwa ili aiteme ndoana.

Baadaye wageni wakampa vyambo vingi, na vingine akavinunua mwenyewe. "Basi," akasema, "samaki asipokula dakika tano, nabadili chambo. Baada ya dakika tano, nabadili tena. Asubuhi yote inakwisha nimeinamia sanduku. Siangalii maji. Mara nyingi hapo nilipokuwa hapakuwa na samaki hata mmoja, wala sikujua. Nilipokuwa na ndoana moja, nililijua ziwa. Nilipokuwa na sanduku, nililijua sanduku."

Neno hilo tulilichukua kwenda nalo nyumbani, na ndilo lililotufanya tufungue kitabu cha nabii Habakuki.

Habakuki aliishi wakati jeshi la Wakaldayo lilipokuwa likimeza mataifa. Katika sura ya kwanza anamlalamikia Mungu kwamba wanadamu wamekuwa kama samaki wasio na mtawala, na adui anawavua wote: huyu kwa ndoana, huyu kwa wavu, wengine kwa jarife. Kisha anasema jambo la ajabu. Mvuvi huyo akiisha kushiba na kunenepa, hamshukuru Mungu. Anauchinjia wavu wake sadaka na kuufukizia ubani, kwa sababu anaona kwamba wavu ndio uliompa chakula. Tazameni upumbavu huo! Mtu amesuka kamba kwa mikono yake, kisha anaipigia magoti.

Twaweza kuwacheka Wakaldayo. Lakini hebu tuyatazame mambo matatu.

Kwanza, vyombo si dhambi. Bwana Yesu hakuvidharau. Katika Luka sura ya 5 alipanda katika chombo cha Simoni, akakifanya mimbari yake, akaufundisha mkutano uliokuwa pwani. Wavuvi wale walikuwa wakiosha nyavu zao, na hakuwakemea kwa kuziosha. Mvuvi anayeacha ndoana ipate kutu, au mshipi ukatike kwa uvivu, hamtukuzi Mungu. Kadhalika kanisa linaloacha paa livuje, au vitabu vya sala vichanike, halipaswi kuuita uvivu huo jina la unyenyekevu. Kwa hiyo asiwepo atakayesema kwamba ukurasa huu umeagiza vipaza sauti viuzwe. Havitauzwa.

Pili, chombo hakimwiti samaki. Simoni alimwambia Bwana kwamba wamechoka usiku kucha bila kupata kitu. Asubuhi ile hawakununua nyavu mpya. Mashua ilikuwa ile ile, watu wale wale, ziwa lile lile, na nyavu zile zile ambazo bado zilikuwa na maji ya kuoshwa. Kilichobadilika ni kimoja tu: walizishusha kwa neno lake. Ndipo zikaanza kukatika kwa wingi wa samaki.

Tena, katika Mathayo sura ya 17, ipo ndoana moja, na hapo ndipo mahali pekee katika Agano Jipya panapotajwa uvuvi wa ndoana. Watoza kodi ya hekalu wamemuuliza Petro kama Mwalimu wake hulipa. Bwana anamtuma baharini na ndoana. Samaki wa kwanza atakayezuka, kinywani mwake itaonekana fedha, naye ailipe kwa ajili yake mwenyewe na kwa ajili ya Bwana. Ndoana moja, samaki mmoja, sarafu moja, na watu wawili wamelipiwa. Petro aliyezoea nyavu za watu wengi alitumwa kukaa peke yake na mshipi mmoja, kama mtoto, akingoja.

Hapa twakumbuka pia habari ya kweli ambayo wavuvi wa besi hupenda kusimuliana. Tarehe 2 Juni 1932, katika jimbo la Georgia huko Marekani, kijana mkulima aitwaye George Perry alikwenda kuvua katika ziwa dogo la Montgomery, kwa sababu mvua ilikuwa imelowesha shamba hata kazi haikuwezekana. Ilikuwa miaka ya shida kubwa ya uchumi. Yeye na rafiki yake walikuwa na ufito mmoja na chambo kimoja cha bandia, wakavua kwa zamu. Siku ile alipata besi wa ratili 22 na wakia 4, yaani zaidi kidogo ya kilo 10. Alimpima, kisha akampeleka nyumbani, na jamaa wakamla. Kwa miaka 77 hakuna aliyemfikia, mpaka tarehe 2 Julai 2009, Manabu Kurita alipovua katika ziwa Biwa, Japani, besi aliyehesabiwa kuwa sawa na yule. Katika miaka hiyo yote watu walitengeneza fito nyepesi, mishipi imara, na mashua zenye mitambo ya kuonyesha samaki chini ya maji. Vyote hivyo ni kazi nzuri ya akili. Lakini samaki wa kijana yule wa chambo kimoja bado yupo juu ya orodha.

Hatusemi kwamba maskini daima hupata samaki mkubwa. Sivyo, na ninyi mnajua sivyo. Wako wenye ndoana moja ambao hurudi nyumbani bila kitu, na watoto wakalala na njaa. Twasema hili tu: samaki ni zawadi, na zawadi haitoki kinywani mwa sanduku.

Tatu, na hili ndilo lililotutia haya, chombo kikiabudiwa humficha mtu.

Baada ya kufunga ndoana, tulimuuliza mzee habari za ngazi. Akatuonyesha ilipo. Kisha akasema kwa upole, bila hasira yoyote, "Vipaza sauti vyenu ni vizuri. Nawasikia."

Tukafurahi. Tukamuuliza anasikiaje.

Akasema, "Kila Jumapili nakaa hapa nje. Upepo ukitoka ziwani, sisikii kitu. Ukielekea ziwani, nasikia hata kikohozi cha msoma matangazo. Nasikia mkiwaombea wagonjwa. Jina langu nalisikia. Nasema Amina, halafu naitazama njia."

Ndugu wapendwa, kutoka kanisani mpaka kwa mzee huyo ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Miguu yake ilikataa kabla ya Kwaresima, na tangu siku ile miezi 9 ilikuwa imepita. Kwa miezi 9 sauti yetu ilimfikia kila Jumapili, na hakuna hata mmoja wetu aliyemfikia. Hakuletewa Meza ya Bwana. Hakuna aliyemwuliza kama ana kuni. Na mjue neno hili pia: tulipofanya harambee ya vipaza sauti, rili yake ya tatu, iliyo bora kuliko zote, aliiuza, na fedha yake akaiweka katika kapu. Tulimshukuru kwa kutumia kipaza sauti.

Tuliporudi tulifungua kitabu cha kumbukumbu cha Halmashauri ya Parishi. Katika miezi ile vipaza sauti vimejadiliwa katika mikutano 7: vitundikwe wapi, nani atunze ufunguo, nani alivigusa bila ruhusa. Mzee hakutajwa katika mkutano hata mmoja. Hatukuwa na nia mbaya. Wakaldayo wenyewe labda walisema wanatunza wavu tu. Sisi tulikuwa tumeinamia sanduku, wala hatukuyaangalia maji.

Aibu hii ni yetu kwanza, sisi tuliowekwa kuwachunga. Mzee alitueleza kwamba besi dume huchimba kiota katika maji machache, na mayai yakiisha kutagwa yeye ndiye hukaa juu yake, akiyapepea kwa mkia na kuwafukuza wanaokuja kuyala. Vifaranga wakitoka, huwalinda siku kadhaa. Wakati huo mzee hakumvua dume hata akimwona wazi, kwa sababu akiondolewa kidogo tu, samaki wengine huja kuwamaliza wadogo. Tulijiuliza njiani: sisi tuliondolewa kiotani na chambo gani? Jibu tulikuwa tumelibeba mabegani. Lilikuwa ngazi.

Lakini msituachie lawama peke yetu mkaenda zenu mmetulia. Kila nyumba ina wavu wake unaofukiziwa ubani. Mwingine ni duka: alilifungua ili alishe watoto, na sasa watoto humwona usingizini tu. Mwingine ni shamba, ambalo ndugu wawili wameacha kusalimiana kwa ajili ya mpaka wake. Mwingine ni simu ya mkononi, ambayo kwayo twawatumia wazee wetu salamu na fedha, tukadhani tumekwisha kuwatembelea. Hata kwaya yaweza kuupenda wimbo na kumsahau mwimbaji mwenzao aliyefiwa. Jiulizeni kwa uaminifu: kitu hiki nilikitafuta kwa ajili ya nani? Na mtu yule, leo yuko wapi?

Basi, tufanye nini? Toba isiyo na miguu ni maneno tu. Halmashauri imekubali mambo haya. Kila jumuiya itaandika majina ya wote wasioweza kufika kanisani kwa sababu ya uzee au ugonjwa, na orodha itakuwa mikononi mwetu kabla ya Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao. Kila aliye katika orodha atatembelewa na watu wawili kila juma, kama Bwana alivyowatuma wanafunzi wake wawili wawili. Meza ya Bwana itapelekwa kwa kila mmoja wao angalau mara moja kwa mwezi, na Kasisi akikosa kwa uvivu, wazee wa kanisa wana ruhusa ya kumwuliza mbele ya wote. Orodha hiyo itasomwa mwanzoni mwa kila mkutano, kabla ya habari za fedha na vyombo.

Kipaza sauti cha pili kiko stoo. Kitangoja. Ngazi tumeirudisha, na siku ile tulipoirudisha tulikwenda na mkate na divai. Mzee alipokea akiwa ameketi pale pale chini ya mti, ndoana zake zimefungwa vizuri ndani ya sanduku.

Vijana wawili wa darasa la kipaimara waliposikia habari hizi waliomba kwenda kumsaidia kufunga mafundo. Jumamosi iliyopita jirani mmoja aliwachukua wote watatu katika mashua yake, wakakaa mbali na viboko, wakavua kando ya mafunjo tangu alfajiri. Mzee alikataa kuchukua sanduku. Alichukua ufito mmoja na kijiko kimoja, wakawa wanapokezana. Hawakupata kitu. Wakati wa kushuka pwani aliwaambia vijana warudi Jumamosi ijayo, kwa sababu ziwa bado hawajalijua.

Tuombe.

Ee Mungu Mwenyezi, uliyeyaumba maji na vyote viogeleavyo ndani yake, twakushukuru kwa kazi za mikono yetu na kwa vyombo ulivyotupa. Utusamehe kwa kuvipenda kuliko wale ambao tulipewa kwa ajili yao. Uyainue macho yetu yatoke katika sanduku, yawaone ndugu zetu wanaoitazama njia. Utupe miguu ya kwenda, na neno lako la kutuongoza, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni sisi, watumishi wenu katika Bwana.